Hita Iliyopuliza Baridi Tukishuka

Mimi sina subira na gari. Likinizingua nalisema, tena kwa sauti, na ukiwa karibu utanisikia. Lakini Julai ile lori langu lilinichanganya mpaka nikakosa hata cha kulisema.

Ni lori dogo la dizeli, nabebea karoti na viazi kutoka huku juu Olmotonyi. Mimi ni Mchaga niliyeolewa na Mwarusha, kwa hiyo watu wakiniona kwenye usukani wanacheka, eti Mchaga hata ukweni anatafuta biashara. Wacheke tu. Mume wangu anafanya kazi mkoa mwingine, nyumbani nimebaki na mama yake. Wote tunamwita Yeyo, maana ndivyo Waarusha wanavyomwita mama. Mwaka huo kifua kilimbana vibaya. Daktari wa mjini akataka amwone kila Alhamisi kwa wiki sita, na akaniita pembeni kuniambia kwamba asikose hata moja.

Tulikuwa tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Julai, saa hizo, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na ukipumua unaona mvuke. Nikawasha hita, ikatupulizia baridi. Alhamisi ya pili Yeyo alikohoa kuanzia nyumbani mpaka hospitali, amejifunika blanketi mbili, na tuliporudi akasema taratibu kwamba hatakwenda tena mpaka baridi iishe. Huku kwetu baridi inaisha Septemba. Niliogopa, sitaficha. Bodaboda ndiyo usiseme, ule upepo ungemmaliza. Nilikuwa na wiki moja ya kuleta joto ndani ya kebini ile, la sivyo Yeyo anaacha matibabu.

Sasa sikia maajabu. Wakati wa kurudi, tukipanda mlima, hita ile ile ilitoa joto zuri kabisa. Tukishuka, baridi. Tukipanda, joto. Nilikuwa naikodolea macho dashibodi, nauliza, jamani, hita nayo inajua tunakoelekea?

Ijumaa nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Themi, gereji yenye magari mengi, nikajua hapo nimefika. Akasema mipira ya kupeleka maji kwenye hita imeziba. Akaibadilisha, akawasha injini, mchana wa jua, kukatoka uvuguvugu. Akaniuliza si hiyo inapuliza. Nikaona isiwe tabu, nikaondoka. Jumamosi alfajiri, baridi vilevile. Jumatatu nikarudi, akasafisha mfumo mzima wa maji, halafu akageuza maneno, akasema hita yenyewe imekufa. Nikamuuliza, imekufa vipi na kila tukipanda mlima inafufuka? Nilimwambia maneno pale ambayo mama yangu mzazi angeyasikia angenipiga kofi, na yeye ananisikiliza tu huku anafuta mikono kwa tambara. Nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma. Kila nilichokuwa nakielewa asubuhi kilikuwa kimevurugika kufika jioni.

Jumanne nikamfuata mzee mmoja fundi pale Ngaramtoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Hakufungua chochote. Alitaka aje kwangu kesho yake asubuhi kabla sijawasha injini, nami nikajua huyu naye ni wale wale. Akaja kweli. Akakaa kiti cha pembeni, tukashuka naye mpaka barabara ya lami, na njia nzima hakuigusa hita hata kidogo. Alikuwa anaangalia mshale wa joto, ambao ulilala chini kabisa tangu tulipotoka. Mimi mshale ule kulala chini nilikuwa naufurahia. Gari linalochemsha ndilo mkosi, si linalokaa baridi.

“Injini yako haipati moto,” akasema. “Hita itautoa wapi?”

Tukasimama, akafungua pale juu ya injini, mahali panapokaa kile kidude cha shaba chenye springi, thamostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta kupozwa mpaka injini ipate moto vizuri. Pale ndani palikuwa patupu. Maji yalikuwa yanakimbilia rejeta moja kwa moja, na tukishuka injini haifanyi kazi yoyote ya kuyapasha. Tukipanda mlima ndipo inajikaza, ndipo joto linapatikana. Kumbe hita haikuwa na kosa kabisa.

Nikawaka. Nikawatukana mafundi wote wa Arusha, wezi wakubwa, wamenichomolea kifaa. Mzee akaniacha nimalize, ndipo akaniuliza kama gari hili limewahi kuchemsha.

Limewahi. Februari, kwenye joto, narudi kutoka soko la Tengeru, lilichemsha. Fundi wa barabarani akachomoa kile kidude, akasema hiki ni cha nchi za baridi, hapa hakina kazi. Mimi mwenyewe nikamwambia akitupe. Halikuchemsha tena, na mimi nikajisifu kwa watu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee akatafuta kingine, akakifunga siku ile ile. Jioni nikamkuta Yeyo anachambua maharage, nikamweleza kwamba wa kulaumiwa ni mimi.

“Najua,” akasema, bila kuinua macho. “Siku ile nilikaa na wewe mbele. Nilikuuliza mbona kile chuma hakirudi. Ukasema ninyamaze, haya si mambo ya ng’ombe wenu.”

Sikumbuki kusema hivyo. Nimejaribu, naikumbuka barabara, naukumbuka mvuke na uso wa yule fundi, lakini Yeyo simwoni kwenye kile kiti. Hilo ndilo linaloniumiza, na aibu yake sijui niiweke wapi. Nilimwomba msamaha. Akaendelea na maharage yake.

Alhamisi saa kumi na mbili sikumgongea. Nilikaa kwenye lori, injini inaunguruma, nasubiri bila kujua kama atakuja. Akatoka, akapanda. Tulipokaribia lami akafungua blanketi mabegani, akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

“Huo mshale umepanda. Unasema nini?”

Nikapunguza mwendo, nikamweleza.