Barua ya Ishirini

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro kwa miaka kumi na sita. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Bwana Stoo, ingawa kiwanda kilishafungwa na stoo yenyewe wamehamia popo. Ukiazima kalamu kwake, anaiandika daftarini. Sitanii. Nyumbani kwao hata kiberiti kina kadi yake: kimeingia lini, kimetoka lini, nani kakichukua.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Kwa hiyo barua zake za kuomba kazi nilikuwa nazichapa mimi, bure, maana nikimtoza, dada atanila nyama. Barua ilikuwa ileile. Nafungua ya zamani, nabadilisha jina la kampuni na tarehe, natoa nakala mbili: moja apeleke, moja aiweke kwenye faili lake. Anapokea kwa mikono miwili, anasema ahsante, anakwenda kupanga foleni kwenye mageti ya watu.

Foleni hizo jamani! Nafasi moja, watu mia tatu. Mlinzi mmoja alishamzoea hadi akamuuliza kama ameajiriwa kuomba kazi. Ofisi moja waliisoma barua palepale wakasema uzoefu wake umezidi. Nyingine walitaka kijana. Zilizobaki zote ziliipokea barua na kumwambia, "Tutakupigia." Neno hilo nalichukia. Shemeji alikuwa anaoga simu ikiwa dirishani, analala simu ikiwa kifuani, na simu kimya.

Alipopeleka ya kumi na tisa akamwambia dada kwamba ya ishirini ndiyo mwisho. Ikipita hiyo, vyeti anavifungia sandukuni, na asimsikie mtu akimtajia kazi tena. Dada alikuja kunililia kibandani. Anamjua mumewe: akishafunga, amefunga, na mwanamume wa miaka hamsini aliyejifungia ndani si mzigo mdogo.

Basi Jumatatu moja simu yangu ikaharibika, namba zote zikapotea. Nikataka kumpigia shemeji, nikasema namba yake si ipo kwenye barua. Nikafungua kompyuta, nikaipiga kwa simu ya jirani. Haipatikani. Nikarudia, haipatikani. Nikatoa daftari langu, ambamo aliwahi kujiandikia namba mwenyewe, nikalinganisha. Tarakimu mbili za mwisho nilikuwa nimezigeuza. Tangu barua ya kwanza, na mimi kazi yangu kunakili tu, nikalinakili kosa mara kumi na tisa.

Nilijilaani. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kama kosa ni langu, basi si kwamba hawamtaki. Walimtaka, wakampigia, wakamkosa! Nilifunga kibanda mchana kweupe, wateja wakabaki wanasonya, nikaenda mbio kwao.

Nilimkuta anashona kifungo cha shati lake la kwendea usaili. Nikamwaga yote hata salamu sikutoa. Nikamwomba radhi, nikamwambia zile kumi na tisa hazihesabiki, tuanze upya, tuhesabu moja.

Aliweka sindano chini, akaingia chumbani, akarudi na faili. Akanifungulia barua ya kwanza. Namba niliyochapa ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake namba sahihi kwa wino wa bluu, pembeni saini yake ndogo. Ndivyo walivyofundishwa stoo: hufuti wala hukwangui, unakata mstari mmoja, unaandika juu, unatia saini. Ya pili hivyohivyo. Nikapekua mpaka ya kumi na tisa.

"Ina maana uliona?" nikamuuliza.

"Siku ile ile ya kwanza. Nikaona unachapa bure, na wateja wamekusimamia kichwani. Tarakimu mbili tu, na kalamu ninayo."

"Na zile ulizopeleka?"

"Zote nilisahihisha kabla sijafika getini. Namba yangu walikuwa nayo, shemeji."

Alisema bila hasira, na afadhali angekasirika. Akalifunga faili, akabaki ameliwekea mkono juu.

"Hata mimi," akasema, "ningependa liwe kosa lako."

Nililia, wala sioni aibu kusema. Yeye akaokota sindano akamalizia kifungo chake.

Sikutegemea kumwona tena kibandani, lakini kesho yake saa nne akaja, shati limekamilika vifungo, na tangazo la kazi alilolikata kwenye gazeti. Ghala la dawa, nafasi moja. Nikachapa, ya ishirini hiyo. Namba niliihakiki mara tatu, nikaisoma kwa sauti, ndipo nikatoa nakala.

Akapokea kwa mikono miwili, akasoma taratibu hadi alipofika kwenye namba. Kalamu alikuwa ameshaifungua. Akaitazama ile namba kwa muda, hakuna cha kukata. Akaifunga kalamu, akairudisha mfukoni, akaniambia ahsante, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye benchi na barua yake isiyo na kosa lolote, na mimi sikumharakisha.