Nilimsomea Béa Mapenzi Yasiyokuwemo Kitabuni

Ndugu wasomaji, mimi ni mwongo. Uongo wangu niliutoa mchana kweupe, kitabu kikiwa mkononi, wanawake wamenizunguka na wengine wanafuta machozi kwa utamu. Jina langu sitalitaja. Niliyemwangamiza nitamwita Béa.

Na kabla hamjaanza kunihurumia, jueni kwamba nilikusudia. Oo, nilikusudia sana!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Kampuni ya shaba ilikuwa imesimama, mgao wa unga umekwisha, waume wamekaa nyumbani wakitazama mikono yao. Kambini kwetu Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni hapa Likasi, Katanga, wanawake walikuwa wanakuja mchana barazani kwangu na kazi zao. Huyu anapukuchua mahindi, yule anafuma kofia ya mtoto, mimi nasoma. Nilijifunza Kifaransa kwa masista, basi nilikuwa nanunua sokoni vile vitabu vya mapenzi vinavyotandazwa chini, vingine havina hata jalada. Nilipitisha macho kwenye mstari, kisha nikautoa kwa Kiswahili.

Wanawake wale walitaka aina moja tu! Kitabu ambacho mwanaume ni mwema tangu mwanzo walikikataa. "Ruka, mama, huyu analeta usingizi!" Walitaka mwanaume na mwanamke wanaochukiana. Mwanaume amfungie binti mlango usoni, amwite mjinga mbele ya wageni, binti naye amjibu mpaka jasho limtoke. Halafu kidogo kidogo, jicho moja hapa, koti analomvika kwenye baridi pale, tunaelewa kwamba chuki yote ile ilikuwa mapenzi yanayoogopa kutoka. Hapo vigelegele vilifika mpaka bombani.

Hata mimi nilivipenda, sitakana. Kila nyumba wakati ule ilikuwa na mtu wa kumwogopa, na mtu huyo alikaa jirani. Kitabu kilikuambia kwamba yule anayekutazama vibaya siku moja atapiga magoti. Nani asingetaka kusikia hivyo?

Béa alikaa nyumba inayotazamana na yangu. Wazazi wake ni watu wa Kasai, babu yake aliletwa huku zamani kuchimba shaba. Sisi ni wa Katanga. Tangu utoto tulitukanana, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kambi. Mkasai anamwambia Mkatanga ni mvivu, Mkatanga anamwambia Mkasai ana domo, wote wanacheka na kula sahani moja. Ukikasirika, wewe ndiye mbaya.

Sasa sikilizeni alichonifanyia.

Nilikuwa na mchumba, Donatien, fundi wa kiwandani. Siku watu wake walipokuja kujitambulisha kwetu, shangazi zake wameketi, majirani wakaanza kunitania kama inavyotakiwa. Béa alikuwa anagawa bukari, ugali wetu. Akasimama katikati na bakuli mkononi, akacheka mpaka meno yote yakaonekana.

"Mumuangalie muzuri, bamama! Huyu iko na mutoto kule Kapolowe, kwa nkambo yake! Munakuya kuoa mumoya, munarudia na babili!"

Ilikuwa kweli. Nilizaa nikiwa shuleni, bibi yangu ndiye anayemlea mtoto Kapolowe, na nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia Donatien. Shangazi zake walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Donatien hakurudi tena.

Nilimfuata Béa mpaka jikoni kwao. Akanishika mkono, akaniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Ni michezo tu, Yaya! Si njo vile tunachekaka siku yote?"

Na kambi nzima ikasema vilevile, michezo tu! Ningemrarua uso, ningeitwa mwendawazimu. Nikameza. Nikasema moyoni, wewe mtoto, nitakulipa kwa michezo hiyohiyo, na hakuna atakayeweza kunilaumu.

Nafasi ililetwa na Norbert.

Norbert alikuwa kijana wa mtaa wetu, alikosa kazi karakana ilipofungwa. Siasa ilipochafuka, watu wakaanza kuambiwa kwamba Wakasai ndio waliokula nchi, naye akajiunga na vijana waliokuwa wanawafukuza. Béa akipita, Norbert anatema mate. "Bilulu! Rudieni kwenu!" Bilulu, yaani wadudu. Neno hilo halikuwemo katika michezo yetu, na mimi nilisikia tofauti yake siku ya kwanza tu.

Béa hakuisikia. Alikuwa amezoea matusi yanayoishia kwenye sahani moja. Tena alikuwa msikilizaji wangu mkubwa, hakukosa mchana hata mmoja.

Siku moja alikaa karibu nami akaninong'oneza. "Yaya, ule Norbert anatutukana. Lakini dada zangu bakipita, ananyamaza. Minye tu njo anatafuta. Kwa nini?"

Nikaona mlango umefunguka. Nikamtazama kwa huruma ya uongo, nikamwambia, "Na weye haujue? Vitabu vyote ninavyosoma, weye unasikiaka nini?"

Akaficha uso kwa kitenge. Mtu mzima, anaficha uso!

Wiki zile Norbert na wenzake walianza kuingia nyua za Wakasai kutazama nyumba. Wakaingia na kwa baba yake Béa. Wakazunguka, wakapima vyumba kwa hatua. Béa akanijia mbio, macho yanang'aa.

"Yaya! Ameniuliza kama mabati ya jikoni inavuyaka. Kama mvua inaingia. Ameniuliza minye, hapana papa!"

Jamani! Yule mwanaume alikuwa anakagua nyumba atakayolala. Hata mtoto angejua. Maneno yalinifika hapa, kooni: Béa, fungeni mizigo, huyu anakuja kuwatoa. Nikakumbuka shangazi zake Donatien walivyonyamaza mmoja baada ya mwingine. Nikafungua kitabu.

Kilikuwa kitabu cha daktari mmoja mkali na muuguzi. Nilipofika pale anapomgombeza wodini, nikaacha kusoma na kuanza kutunga. Nikasema daktari alikwenda mpaka nyumbani kwa yule binti, akasimama uani kwa kiburi, akauliza, "Paa lako linavuja?" Kwa sababu mwanaume mwenye kiburi hawezi kusema nakupenda, anauliza habari za paa. Wanawake wakapiga kelele, "Eee, amekwisha kushikwa!" Béa aliangusha gunzi la mahindi mapajani, mdomo wazi.

Nilikuwa na furaha! Sitawadanganya. Nililala vizuri kuliko siku ile nilipovikwa pete.

Haikupita muda familia yake ikatolewa ndani. Wakaenda kungoja treni ya Kasai pale kituoni, pamoja na watu wengine wengi, magodoro chini, sufuria juu ya mawe, watoto wanaharisha. Wiki zikapita. Nami nikaenda kuwatembelea. Nilipeleka unga kidogo ili nionekane mtu mwema, na kile kitabu nikakiweka kapuni.

Mama yake alinibariki. Alishika mikono yangu akasema, "Weye njo mutu, mwanangu. Mungu atakukumbuka." Ninapoandika maneno haya mikono inaniwasha.

Nikamsomea Béa mwisho, tumekaa juu ya begi la baba yake. Kitabuni daktari anamfuata binti bandarini na kumshusha melini. Mimi nikageuza. Nikasema daktari hakuja, kiburi kilimzuia, akabaki dirishani anaumia. Ni binti aliyerudi. Alimwacha mama yake kwenye meli, akabisha mlango wa yule aliyemtukana, na mlango ukafunguka kabla hajabisha mara ya pili.

Asubuhi iliyofuata Béa alichukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji. Hakurudi kituoni. Treni ilifika mchana uleule, watu wakasukumana, wengine wakapanda mpaka juu ya mabehewa. Walioshuhudia wanasema mama yake alikuwa anaita jina lake mpaka treni ilipopotea.

Norbert alikuwa amekwisha hamia ndani ya nyumba ya baba yake Béa. Nilikuwa barazani, niliona yote. Alimkuta mlangoni na ndoo yake, akamtazama juu mpaka chini, akacheka. Kisha akamwonyesha nguo chafu zilizorundikwa uani. Béa akainama akaanza kufua. Hivyo ndivyo alivyoolewa! Hakuna padri, hakuna shangazi, hakuna hata soda. Baadaye Norbert alileta mke wa kweli, mwenye mahari yake, na Béa akahamishiwa kulala kwenye jiko la nje, lile lenye mabati yanayovuja.

Mnataka kujua kama niliridhika? Niliridhika. Nilikuwa nakunywa chai natazama ng'ambo kama mtu anayetazama shamba lake. Nikimwona ameinama, nasema, cheka sasa, waambie shangazi zake Donatien!

Lakini alikuwa bado anakuja barazani. Hilo sikulitegemea. Alikuja na mikono iliyobabuka kwa sabuni, anakaa mahali pake, anauliza, "Yaya, ule daktari alibadilika kisha siku ngapi?" Hakuwa na hasira nami hata kidogo. Alinishukuru! Nikasoma kitabu kingine, na kingine, lakini kila nilipofika mahali mwanaume anapolainika, nilifunga kitabu. Nikavichoma vyote kwenye mbabula, jiko langu la makaa, nikapikia maharage.

Hali ilipotulia kidogo, kaka yake alitoka Kasai kwa lori kuja kumchukua. Baba yao alikuwa amekufa njiani, mama anaumwa na anamtaka binti yake. Kaka akanikuta mimi kwanza. Nikamwambia ngoja hapa, leo namrudisha.

Nikamkalisha Béa, nikatubu kila kitu. Nikamwambia Norbert alikuwa anakagua nyumba. Nikamwambia habari ya paa niliitunga mimi, na kuteremka melini niligeuza mimi, kwa ajili ya Donatien na maneno aliyoyasema yeye Béa siku ile mbele ya shangazi. Nililia mpaka nikapiga magoti mbele yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa huruma. Alinihurumia mimi!

"Yaya, ni wivu. Tangu Donatien akuache, haupende kuona mwingine iko na bwana. Norbert ameanza kubadilika. Juzi amekula chakula yangu yote, hakusema neno."

Kaka yake akambembeleza. Akamtajia mama. Béa akasema atakwenda kumsalimu, lakini Norbert ndiye atakayempeleka, wakisha kuoana vizuri.

Nikavuka njia, nikamfuata Norbert mwenyewe. Nikamwomba amfukuze, amtukane matusi yote anayoyajua, ampige hata mateke, alimradi apande lori lile. Alikuwa anachokonoa meno.

"Nimufukuze? Na nani atafua?"

Lori likaondoka na kaka peke yake.

Norbert huyo siku yake ipo, na namwomba Mungu nisife kabla sijaiona. Na niwaambie neno lingine, mnichukie vizuri: Béa mwenyewe sijamsamehe. Nikikumbuka lile bakuli la bukari, damu inapanda. Naweza kumlilia na kumchukia katika saa moja. Ndivyo moyo wangu ulivyo, wala siwezi kuwauzia mwingine.

Lakini ninyi mnaolea kisasi, nisikieni! Mtu akikukosea, mkaripie barabarani. Mzabe kofi, kamshtaki kwa padri, usimpe salamu mpaka mmoja wenu azikwe. Msiguse tumaini lake, nawaombeni! Kofi linapoa. Nanyi wasichana mnaosoma vitabu hivyo, someni, ni vitamu, lakini mwanaume anayekuita mdudu anamaanisha mdudu.

Leo asubuhi nimemwona Béa uani akianika mashati ya Norbert. Alikuwa ananyoosha kola moja moja kwa kidole, taratibu, huku anatabasamu.