Nondo wa Salale

Nilipokuwa mtoto pale Dimani, hapakuwa na dume la kunizidi. Kupanda mnazi mimi, kupiga mbizi mimi, kutoroka shule mimi, na hilo la mwisho nilifaulu mapema kuliko wote. Lakini mama alipokwenda Salale kupanda mpunga, maji yakajaa na habari zake zikakatika, dume zima likasusa kula.

Jioni moja nondo akatua ukutani, karibu na kibatari. Nasema nondo mdudu, si zile za kumwagia zege. Kadogo, hakafiki ukucha wa gumba. Mbawa rangi ya majivu, ukingoni vidoa vyeupe kama ushanga, shingoni manyoya utadhani kajitanda mtandio. Nikavua kandambili nimtwange.

"We! Mgeni huyo!" Bibi mzaa mama akanidaka mkono. Aliniita mumewe, kama mabibi wote wa kwetu. "Nondo akiingia ndani, mgeni yu njiani. Na huyu, mume wangu, huku kwetu hayupo. Huyu wa mikokoni, Salale tu."

"Kwa hiyo mama anakuja?"

"Nimesema mgeni. Sasa kula. Aje akukute mifupa mitupu, niambiwe nimeshindwa kutunza mume?"

Nikala. Kila jioni nikawa namtafuta yule nondo kwanza. Nisipomwona, Bibi husema kapumzika darini, na tonge linashuka.

Mama akaja kweli, maji yalipopungua, matope hadi magotini. Bibi akatamba mtaa mzima: "Si nilisema?" Siku yenyewe hakuwahi kuitaja, mjanja yule!

Sasa nimekua, bodaboda yangu inajulikana. Nondo huyohuyo nimemwona Mkongo kwenye taa ya msikiti. Nimemwona Kibiti, anawazungukia wakaanga chipsi. Eti Salale tu! Nilipigwa changa la macho, mimi, na nikacheka peke yangu barabarani.

Kicheko kikaishia njiani. Nilikumbuka mama alipoingia uani: Bibi alimshika kiganja, akamwita kwa jina la utotoni, na hakumwachia mpaka chakula kikapoa. Siku zote zile nilijua ni mimi peke yangu ninayemsubiri mama. Haikunipitia kichwani kwamba aliyezingirwa na maji kule alikuwa mwana wa Bibi, na kwamba yeye hakuwa na mkubwa wa kumdanganya ili ale.