Kompyuta Iliyojifunza Neno Kal

Siku hizi kazi niliyokuwa nikiifanya ina majina makubwa, na vijana wanaoifanya hutembea na vitambulisho shingoni. Miaka ya tisini, kule Kibera na Kawangware, mimi nilisema tu kwamba nawakusanyia watu habari za biashara zao. Mtu akiwa na maduka mawili matatu yaliyotawanyika, nilimjengea programu yake mwenyewe, ya kuchukua mauzo ya kila duka na kuyamwaga mahali pamoja ayaone akiwa amekaa. Niliwajengea wenye bucha, wenye mbao, hata mama mmoja aliyeuza maziwa Dagoretti nzima. Lakini programu ninayojivunia mpaka leo, tena bila aibu, ni ile ya kwanza, ya nafaka.

Mwenye biashara alikuwa mzee wa Riruta, mwenye ploti na nyumba za kupangisha, aliyezaliwa Kawangware ikiwa bado mashamba. Alikuwa na duka hapo hapo Riruta, la pili Kongo, mtaa mwingine wa Kawangware, na la tatu kijiji cha Raila huko Kibera, mtaani kwangu. Magoti yalikuwa yamemsaliti. Alitaka kujua kila duka limeuza nini bila kuinuka kitini, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta na sina kazi, alinunua mashine kuukuu akaniweka nayo kwenye stoo ya magunia.

Kila duka liliandika mauzo ya siku kwenye kikaratasi. Dereva wa pikapu alivileta, na binti wa mzee akaviingiza kwenye mashine kama vilivyoandikwa. Nilimkataza kubadilisha hata herufi moja. Programu za mjini zilitaka kila bidhaa iwe na namba yake, lakini mimi niliwajua wauzaji wetu. Nani angemwacha mteja amesimama na kikapu ili atafute kama maharagwe ni namba saba au sabini? Programu yangu ilisoma majina. Mzee alinitajia bidhaa zake, nami nikaziingiza jinsi alivyozitaja: mahindi, mtama, maharagwe, na wimbi, ambao yeye kwa lugha ya kwao aliuita ugimbi. Jina ambalo mashine haikulijua ililitupa chini kabisa, kwenye fungu la Mengineyo, pamoja na viberiti na mifuko ya plastiki.

Ripoti ya kwanza ilipotoka, mzee alivaa miwani akaisoma kwa kidole. Kidole kilipofika Raila kikasimama.

"Ugimbi, hakuna. Mtama, hakuna," alisema. "Hawa wanauza viberiti tu. Hii duka nafunga."

"Lakini mzee, watu hupanga laini pale kila asubuhi."

"Mashine ndio imesema. Si ni wewe uliitengeneza?"

Hapo alinishika pabaya. Akaagiza muuzaji wa Raila aje Jumamosi na funguo.

Huyo muuzaji alikuwa jirani yangu, mlango wake ukitazamana na wangu. Alikuwa mama aliyetoka upande wa ziwa kama mimi, na sote tulimwita mathe. Duka lile ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake. Nilipopata habari kwamba dereva amempelekea ujumbe, nilikasirika. Sikumkasirikia mzee. Niliikasirikia karatasi ile, iliyokuwa ikisema uongo kwa herufi safi namna ile.

Nikarudi kwa mashine nikaiamuru inionyeshe kila neno ililolitupa Mengineyo. Skrini ikajaa. Kal. Kal. Bel. Oduma. Kal. Nyayo. Kal.

Nilicheka peke yangu hadi dereva akaja kuchungulia kama niko sawa. Mathe alikuwa ameandika vile wateja wake wanavyoagiza, na wateja wake wengi walikuwa watu wa kwetu, wenye kusema lugha yetu. Kal ni wimbi. Bel ni mtama. Oduma ni mahindi, na nyayo ni yale maharagwe ya madoadoa. Maneno niliyoyasikia jikoni kwa mama yangu tangu sijaota meno, mashine ilikuwa imeyahesabu kama viberiti.

"Si uwaambie tu waandike Kiswahili?" binti wa mzee akaniuliza.

"Na mteja akisema kal, mathe aanze kutafsiri na laini imefika barabarani?"

Sikutaka kuwafundisha watu. Nilitaka kuifundisha mashine. Nilizunguka maduka yote nikijifanya nanunua, masikio wazi. Kongo niliokota bulo, jina jingine la wimbi, Riruta nikaokota mengine. Kisha nikaandika programu upya, kila jina likiwa na njia ya kwenda kwenye nafaka yake. Ugimbi, kal, bulo, wimbi: uite upendavyo, utaingia gunia moja. Nilipoijaribu ikakubali, nilipiga meza kofi, vumbi la unga likaruka.

Jumamosi mathe alifika amefunga funguo kwenye pembe ya leso. Alizifungua akaziweka mezani mbele ya mzee, karibu na kikombe chake cha uji, bila kunitazama. Nikamwomba mzee aisome ripoti mpya kabla ya kuzishika. Printa ikaanza kulia, nami roho juu.

Raila ilikuwa ya kwanza. Kwa wimbi peke yake, iliziacha Riruta na Kongo hata ukiziweka pamoja.

"Hii imetoka wapi?" mzee akauliza.

"Imekuwa hapo tu, mzee. Mashine haikuwa inajua kal."

"Kal ni nini?"

Mathe ndiye aliyemjibu. "Ni hiyo uko nayo kwa kikombe."

Mzee alitazama uji wake, akatazama karatasi, akacheka hadi miwani ikamteleza puani. Mimi nilikuwa na furaha ya kutaka kupanda juu ya meza ile nicheze. Akazisukuma funguo zimrudie mathe.

"Rudi nazo mama. Fungua duka."

Mathe alizichukua lakini hakuinuka. "Nifungue niuze nini? Stoo imebaki vumbi. Jumatatu nitumie magunia."

Mzee alivuta karatasi ya oda. Akaandika herufi mbili za ugimbi, akasita, akazikata kwa mstari. Kisha akaniinulia macho juu ya miwani.

"Hiyo kal inaandikwa na C ama K?"

"K, mzee," nikamwambia.