Samaki Wenye Alama za Chuma

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu: siku niliyovuka mto kwenda Lubunga na beseni la samaki mapajani, nikienda kwa baba wa msichana. Kwa vile Jumatatu unaanza kazi kwenye kituo cha umeme, na umepewa kulinda bomba la kuvutia maji, kaa nikueleze. Soda yako haitakimbia.

Nilikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha mbao. Kiwanda kilikuwa na mashine zake za umeme, nazo zilipata moto sana, kwa hiyo tulivuta maji ya mto kuzipoza. Mdomo wa bomba ulifunikwa kwa wavu wa chuma. Mwanzoni ulikaa kwenye maji ya kasi, majani yakauziba kila mara. Mimi, mvivu niliyejiona mjanja, nikamshauri chef, mkubwa wetu wa kazi, tuuhamishie ndani ya kijito cha kando, maji yalikotulia. Chef akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kumbe kile kijito, mwanangu, ndimo samaki walimoingia kuzaa maji yalipopanda. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Kila asubuhi niliwakuta samaki, mboto na ngolo, wamebanwa kwenye wavu, wamekufa, nguvu ya pampu imewashinda. Wengine wadogo kama kidole. Nikasema Mungu ananipenda, nimepata samaki bila kuvua!

Wakati huo nilimpenda Furaha, binti wa Papa Botamba, mvuvi wa mitego ya vikapu. Nani aende ukweni mikono mitupu? Nikachagua mboto wanono, nikapanda pirogi, mtumbwi wa kuvusha watu.

Papa Botamba hakushukuru. Alimgeuza mmoja, akatazama ubavuni, mahali magamba yalipochubuka kwa mistari iliyonyooka. Akampasua tumbo, mayai yakamwagika kiganjani mwake.

"Hii samaki haikuvuliwa," alisema. "Iko na alama ya chuma. Uliitosha wapi?"

Nikamweleza nilikowatoa, huku bado natabasamu, mjinga mimi. Akanawa mikono, akasema twende nikamwonyeshe.

Pale kijitoni alichutama, akatia mkono mbele ya wavu. Maji yakauvuta.

"Mutoto, mutego yangu iko na siku ya kulala. Maji ikipanda, samaki inaingia kuzaa, mi natosha mutego mu maji, naanika. Hii yako inalala siku gani, alors?"

Akautoa mkono majini, akanigeukia.

"Mwaka hii mitego yangu yote inatoka bure, nikalaumu mvula. Donc, kumbe ni weye! Binti yangu siwezi kumupa mutu mwenye kukula mbegu ya wengine."

Aibu iliniunguza masikio. Nilijua dawa: bomba lirudi mtoni. Lakini ingenibidi nimwambie chef kwamba shauri alilonisifia lilikuwa bovu. Angenifukuza, na nani anampa binti yake kijana asiye na kazi? Siku tatu niliukwepa mlango wa ofisi yake. Ya nne nikakumbuka wazee walivyosema: mficha uchi hazai. Nikaingia ofisini.

"Chef, ile akili nilikupa ilikuwa mubaya. Tunaua samaki, na wavuvi wako na njaa."

Alinifokea mpaka makarani wakatoka kusikiliza. Kisha akavua miwani.

"Bon. Weye ulileta, weye utarudisha. Na ikiziba?"

"Nitasafisha mi mwenyewe."

Nikalirudisha bomba mtoni, na Papa Botamba alipopata habari alikuja na mianzi begani, bila kuitwa. Alinifundisha kuzungusha uzio mpana mbali na mdomo wa bomba, ili maji yaingie polepole kutoka pande zote. "Mulango ikuwe mukubwa," alisema, "maji itapita pole, samaki itapata nguvu ya kugeuka." Tulipomaliza nilitia mkono nje ya uzio, pampu haikunivuta. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa kwenye maji ya kiunoni nikitoa majani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa.

Maji yalipopanda tena, kijito kilijaa vifaranga vya samaki, na kwenye wavu niliokota majani tu. Siku hiyo nikavuka na beseni lile lile, nikaliweka mbele ya Papa Botamba. Halikuwa na kitu. Akalishika, akaligeuza juu chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Ni hii nilikuwa nangojea. Furaha! Letea bwana kiti."

Unamsikia anayekaanga ndizi huko nyuma? Ndiye huyo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla hujagusa maji, waulize wanaoishi kwayo. Wanajua lini samaki wanazaa kuliko karatasi zenu. Ukiona kitu kinakufa kwa mkono wako, usikiite bahati. Na ukikosea, sema mapema, hata kama kosa lenyewe ndilo lililokupatia sifa. Mto husamehe, nimeuona kwa macho yangu ukisamehe, lakini haumsubiri mwenye kiburi.

Nenda salama. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kukiri, mitego ya watu ijae, na beseni lako, kila asubuhi, lirudi tupu.