Mama Aliyeniokoa Alikaa Kwenye Matanga Yangu

Admin, nifiche tafadhali, maana Kalemie yetu ya huku Kongo, ukikohoa bandarini unapewa pole sokoni. Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na hilo silo lililonileta hapa. Papa alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na Mama peke yake. Sasa Mama anaumwa figo, hatoki nyumbani, na hana mwingine ila mimi.

Ili kumchangamsha, nilianza kumsimulia riwaya ya Kifaransa niliyoazimwa na mwalimu mwenzangu. Inahusu vita vya Wazungu, wakati Wayahudi walipokuwa wanasakwa nyumba kwa nyumba na kuuawa kwa sababu tu walizaliwa Wayahudi. Mama mmoja Myahudi anamwachia jirani mtoto wake mchanga. Jirani anampa jina la binti yake aliyekufa, anamfundisha ishara ya msalaba, na mtoto anapona. Kila nikitoka shule nilisimulia kipande huku nikimkanda Mama miguu. Akawa ananiuliza swali lilelile:

"Na mama yake alirudiaka?"

Nilipofika mwisho nikamwambia ndiyo, vita vilipoisha mama mzazi alirudi, na jirani akamrudishia mtoto wake huku akilia.

Mama akavuta miguu yake kutoka mikononi mwangu. "Basi ule mwanamuke alinishinda moyo. Miye sikurudisha."

"Mama, haukurudisha nini?"

"Weye, mwanangu."

Ndugu zangu, nilicheka. Kisha nikaona Mama hacheki. Akanieleza kwamba kijijini, watu walipoanza kuwinda kabila la jirani yake (silitaji, mnajua tulivyo), jirani huyo alimpitishia mtoto kwenye ua wa matete akakimbia. Mama alikuwa ametoka kumzika binti yake. Wenye mapanga walipoingia, akasema huyu ni wangu, akataja jina la marehemu, akaninyonyesha mbele yao. Ndilo jina ninaloitwa hadi leo.

Angeishia hapo, ningempigia magoti. Lakini kulipotulia, jirani alirudi kunitafuta. Mama alishanipeleka kwa dada yake anayeishi mji wa Moba. Akamwambia mtoto alikufa kwa homa porini. Kwetu, mwili usipopatikana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo ya marehemu na kuzikwa, ili wazazi wapate pa kulilia. Nguo yangu aliitoa Mama mwenyewe. Alikaa kwenye matanga yangu, akamshika mwenzake mabega, akala bugali wa msiba.

"Nilisema nitamuambia kesho," alilia. "Kesho yake tena nikasema kesho. Maziwa yangu njo ulikuwa unakunywa, ningekupeana namna gani?"

Nina hasira naye, na bado kila asubuhi namwosha uso na kumpa dawa zake. Sijui kama mnanielewa.

Mama akaniambia pia kwamba mwanamke yule yuko hai. Vita vya baadaye vilimkimbiza hadi kambi ya Katanika, karibu na mji wetu, na sasa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Namjua! Hunipimia, kisha huniongezea kiganja kizima, ananiita "mwalimu wangu". Kila mwaka huomba misa kwa ajili ya binti yake marehemu. Mimi niko kwaya, nimeimba katika misa hizo, padri akisoma jina ambalo sikujua ni langu.

Mama ananishika mkono, anasema, "Unizike kwanza, njo umuambie." Nikisema sasa, nahofia atakufa kwa aibu, yeye aliyeniokoa na panga. Nikingoja, yule mwingine anaendelea kunililia.

Juzi alikuja kwenye mazoezi ya kwaya kutuombea wimbo. Misa ni Jumapili hii. Aliniomba niuanzishe mimi, eti sauti yangu inamtuliza.

Nyinyi mlio wazazi, nijibuni kabla ya Jumapili: niimbe, au nimwambie niko hai?