Wali Usio na Kokoto

Swaibu, mume wa Mwasiti, aliuawa ziwani mwaka ule vita vya Zaire vilipofika Uvira. Alikuwa fundi wa mashine ya boti. Siku hiyo walikuwa wanarudi na watu waliokimbia, boti imejaa mpaka ukingoni, na askari waliokuwa ufukweni wakapiga kelele irudi. Nahodha hakugeuza. Risasi ilimpata Swaibu shingoni, akaiangukia mashine ikiwa bado inawaka. Boti ilipogusa mchanga wa Kibirizi, pale Kigoma, maji yaliyokuwa chini ya mbao yalikuwa mekundu, na watoto walikuwa wamekaa humo humo kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa.

Mimi nilikuwa karani wa ushuru mwaloni hapo, mgeni kutoka Rombo, naitwa Nickson. Nilimwona Mwasiti akija mbio kutoka Ujiji bila viatu. Hakupiga ukunga. Aliingia botini, akakishika kichwa cha mumewe, akawauliza waliokuwemo, "Nani amemfumba macho?" Mzee mmoja akasema ni yeye. Akamshukuru.

Alipotoka eda alikuwa na sufuria zake za harusi na mdomo wake mwenyewe wa kulisha. Akafunga turubai juu ya miti minne pale mwaloni, akaanza kuuza wali na dagaa. Ng'ambo ya njia kulikuwa na hoteli ya Dismasi, yenye bati, redio kaseti na soda za baridi. Mabaharia na wachukuzi wote walikula kwa Dismasi. Kwa Mwasiti walikwenda waliokosa nafasi.

Na kwa kweli chakula chake kilikuwa kibaya. Dagaa walikuwa na mchanga, wali ulikuwa na kokoto, na moshi ulikutoa machozi kabla hujanawa.

Siku moja aliketi pale baharia mmoja wa miraba minne, Selestini, ana njaa ya safari. Tonge la tatu au la nne likalia kama mtu anayevunja karanga. Selestini akatema wali, damu na kipande cha jino. Akainuka, akamtupia Mwasiti bakuli la mchuzi usoni, kisha akamzaba kofi lililomwangusha juu ya kuni.

"Umenilisha mawe!"

Kule ng'ambo Dismasi alisimama mlangoni akicheka mpaka akashika tumbo. "Leo mama anauza changarawe! Wajenzi, njooni!"

Watu wakacheka naye. Mwasiti alijiinua, shavu limevimba, mchuzi unamchuruzika kifuani. Nilidhani ataokota kisu. Akachutama, akaupekuapekua ule wali uliotemwa mpaka akalipata lile jiwe, akalitazama, akalitupa. Akamwambia Selestini, "Ni kweli. Kaa, nikupe maji ya chumvi usukutue." Selestini akaondoka akitukana.

Kesho yake nilimkuta Mwasiti amekaa juani na ungo, anachambua mchele. Alimaliza, akaanza upya.

Faida alikuja na boti nyingine ya wakimbizi. Alikuwa mwanamke wa Kizaire mwenye umri kama wake, bega limefungwa kitambaa kilichonuka, kwa maana risasi ilikuwa imepita na nyama. Watu wa misaada walimsafisha kidonda, wakampa blanketi, na alipoambiwa apande lori la kambini akajificha nyuma ya magunia. Akatokea kwa Mwasiti.

"Dada, unipe kazi. Falanga sitaki, chakula tu."

Mwasiti akampa migebuka apare magamba. Faida akapara, akapasua tumbo la samaki wa kwanza, kisha akaonja mchuzi uliokuwa jikoni na kukunja uso. "Unapasua nyongo, dada. Ndiyo maana mchuzi wako unachoma koo."

Mwasiti akampiga mwiko wa kichwa. Alimpiga kwa nguvu, damu ikatoka juu ya sikio. "Mimi nimezaliwa Ujiji, wewe unifundishe migebuka?"

Faida hakulia wala hakuondoka. Alichukua samaki mwingine, akamtoa utumbo polepole, nyongo nzima ikatoka kama zabibu, akamkaanga na kumweka kando. Mwasiti alisimama pale muda mrefu akitazama. Mwishowe akamega kipande, akala. Akaenda kuleta kitambaa na maji ya moto, akamfuta Faida ile damu mwenyewe.

Tangu hapo wakawa na desturi. Kila jioni wakiosha sufuria, Mwasiti huuliza, "Leo tumekosea nini?" Na hawakuwa na ruhusa ya kujibu "hakuna." Jioni moja kosa lilikuwa moshi, wakahamisha mafiga upande ambao upepo wa ziwa ungeupeleka mbali. Nyingine lilikuwa benchi lenye mguu mfupi. Wakaanza kuwaosha dagaa kwa maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke meupe. Wakaweka maji ya kunawa yenye ndimu kwa wale walioshika samaki kutwa. Kipindupindu kilipotajwa wakaanza kuchemsha maji ya kunywa, na Faida akayafunika kwenye mtungi. Mawese ya jana yakawa hayarudi kikaangoni. Uji wa ulezi ukawa tayari kabla boti za alfajiri hazijafunga kamba, ili mtu ashuke na kukuta kikombe.

Hakuna hata kimoja ambacho ungekisimulia nyumbani. Lakini mchukuzi aliyekula pale Jumatatu alirudi Jumanne, na Ijumaa akaja na mwenzake. Hata Selestini alirudi. Alikaa, akala kwa upande wenye meno mazima, akasema tu, "Niongeze."

Dismasi hakubadili kitu. Alinunua spika kubwa zaidi.

Benchi zake zilipoanza kubaki wazi, akawanywesha pombe vijana wa mwaloni, kisha akatuma wawili, mmoja wao Pastory, kibaka aliyeogopwa mpaka Bangwe. Walikuja asubuhi, wakapiga teke sufuria ya maharage, wakapasua mtungi, wakachana turubai. Faida alipomzuia Pastory, akampiga ngumi juu ya lile bega, kidonda kikafunguka. Akaanguka juu ya maharage ya moto, akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Hapa mkimbizi hapiki," alisema Pastory. "Mwambie bosi wako afunge."

Hawakufunga. Siku iliyofuata walipika kwenye sufuria iliyobonyea, Faida akikoroga kwa mkono mmoja. Na ile jioni Mwasiti aliuliza swali lake lile lile. Faida, ambaye meno yalikuwa yanagongana kwa homa, akajibu, "Jiko liko mbele. Mtu yeyote analifikia." Wakalihamishia nyuma, wakaweka magunia ya mchanga ubavuni, mtu aweze kuingia kwa njia moja tu.

Mara ya pili walikuja mchana, benchi zimejaa, na safari hii wana mapanga. Nilikuwa nakula. Pastory alikata kamba ya turubai, likatufunika nusu yetu, kukawa na mayowe. Selestini alikuwa wa kwanza kutoka chini yake. Alilidaka panga la yule kijana mwingine kwa mkono mtupu, vidole viwili vikabaki mchangani, na hata hivyo hakumwachia. Alimgonga kichwa kwenye nguzo mpaka akalegea.

Pastory akaingia jikoni kwa ile njia moja. Mwasiti alikuwa pale, upawa uko ndani ya mawese yanayochemka.

"Rudi," akamwambia. "Kaka, rudi."

Pastory akainua panga. Mwasiti akamrushia mawese usoni.

Ukelele ule sijausikia tena maishani. Alikimbia akijikuna ngozi, na ngozi ikawa inabaki mikononi mwake. Akajitupa ziwani. Walipomtoa, jicho la kushoto lilikuwa limekufa.

Polisi walimchukua Mwasiti, akawekwa mahabusu. Alipokuwa ndani, Faida alipika. Nilienda kila siku kuona kama patalegea. Mchele ulichambuliwa, maji yalichemshwa, uji ulitangulia boti. Wachukuzi walikaa kula na fimbo magotini, na walikuwa wengi kuliko mwanzo. Pastory hakutokea kutoa ushahidi, Selestini akatokea na mkono wake wenye vidole vitatu, Mwasiti akaachiwa. Alirudi amekonda, ana chawa, akafunua sufuria kabla hata ya kukaa, akaonja. "Chumvi," akasema. Kisha akamkumbatia Faida, na wote wawili wakalia.

Kipindupindu kikafika kweli. Baharia mmoja alikunywa maji kwa Dismasi mchana, akatapika mpaka jioni, na usiku haujafika akafa juu ya nyavu. Wenzake hawakuuliza la pili. Waliivamia hoteli, na waliotangulia walikuwa wale wale vijana ambao Dismasi aliwanywesha pombe wafanye fujo kwa jirani. Waling'oa bati, wakachoma benchi, wakampiga kwa makasia. Nilisikia mguu wake ukivunjika kutoka pale nilipokuwa.

Mwasiti alisimama chini ya turubai lake na upawa mkononi. Faida akamwambia, "Dada, watamuua."

"Nimeona."

"Sasa?"

Mwasiti aligeuka, akaendelea kutoa nyongo. Faida ndiye aliyekimbia kule, mkimbizi asiye na karatasi, akajitupa juu ya yule mtu akipiga kelele kwa Kizaire chake, akala makasia mawili mgongoni kabla hawajachoka. Dismasi alibebwa kwa mkokoteni akapelekwa kwa ndugu zake Kidahwe. Hakurudi Kibirizi. Kwa siku kadhaa wale wanawake wawili hawakusemeshana ila kuhusu chakula.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa nje waingie kambini. Askari walishuka mwaloni na malori. Faida alikuwa anapepeta mchele. Walimshika mkono ule ulioungua, na Mwasiti akamshika mwingine, akamvuta kama mtu anayevuta wavu.

"Huyu ni ndugu yangu! Muulizeni karani!"

Nilisema ni ndugu yake. Askari akaniangalia, akaangalia nguo za Faida, akampiga Mwasiti kitako cha bunduki mdomoni. Mwasiti akaachia. Lori likaondoka na Faida amesimama katikati ya watu, anapaza sauti juu ya injini, "Uji unaungua, dada! Uji!"

Mwasiti, mdomo umejaa damu, akaenda kuepua uji.

Alimfuata kambini baada ya miezi kadhaa, akaambiwa amerudi kwao kwa boti. Vita vikaanza upya kule, na habari zake hazikuja tena. Mwasiti hakuajiri mtu mwingine kwa muda mrefu. Lakini kazi ilipanuka: paa la bati, sakafu ya saruji, meza ya pili, ya tatu. Wengine walifungua hoteli pembeni yake, kubwa kubwa, wakafunga.

Mimi nilihamishiwa Tabora. Siku ya kuaga nilikula pale migebuka. Msafiri mmoja, mtu wa suti, akaanza kumpiga mkewe mezani, ngumi za mbavuni, na sote tukatazama sahani zetu. Mwasiti alitoka jikoni akifuta mikono. Hakubeba kitu. Akamshika yule mtu ukosi, akamtoa nje hadi majini, akamwacha amekaa kwenye mawimbi na suti yake.

Akarudi, akamwekea yule mwanamke maji ya ndimu.

"Nawa, mwanangu," akasema. "Chakula kinapoa."